Maji Yasiyofika Baharini

Sisi watu wa Kipini tunaujua Mlima Kenya kwa rangi ya maji. Mvua ikishika huko bara, Mto Tana hutushukia mwekundu, umebeba magogo, majani na udongo wa mashamba ya watu tusiowajua, na bahari ya Ghuba ya Ungwana hubadilika rangi mpaka mbali. Wazee wangu walikuwa wakiutazama mto huo, wakaambizana kwamba milimani kumenyesha, kisha wakapanga habari ya mpunga. Kwa hiyo mpwa wangu alipopata nafasi ya kusomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, nilijua kwamba siku moja nitapanda huko. Nilitaka kumjulia hali, na nilitaka pia kuona maji yetu yanakoanzia.

Mji wa Nyeri umekaa kati ya milima miwili, Nyandarua upande wa magharibi na Mlima Kenya upande wa mashariki. Alfajiri nilitoka nje nimevaa sweta mbili na boshori niliyoazimwa, nikakiona kilele cha Batian, mita 5,199, cheusi na chenye meno, kabla mawingu hayajakifunika. Wenyeji wanasema mlima ni wa kuamkiwa mapema. Ikifika saa nne asubuhi umeshajifunika na huuoni tena mpaka jioni ama kesho yake.

Tuliteremka hadi Mto Chania, unaotoka Nyandarua na kupita hapo mjini. Ni mto mwembamba, wa haraka, unaoruka mawe. Nilichovya mikono nikanawa uso, na nilipokuwa nikijipangusa nikawa nayafuata yale maji kichwani: yataungana na Sagana, Sagana itakuwa Tana, kisha yatapita Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, mabwawa matano yanayofua umeme njiani, ndipo yafike Garissa, Hola, Garsen, na mwisho kwetu. Mto mrefu kuliko yote ya Kenya, na hapa ningeweza kuuvuka kwa kukanyaga mawe. Sikuwa tayari kwa jinsi jambo hilo lilivyonigusa. Nilisimama pale muda mrefu.

“Mjomba,” kijana akaniambia, “haya ni maji yenu, umeshayajua. Kesho nikupeleke kwenye maji ambayo hayafiki kwenu kabisa.”

Matatu ya Nanyuki tuliipata stejini mapema. Barabara inapitia Kiganjo, halafu Naro Moru, mlima ukiwa mkono wa kulia muda wote. Karibu na Nanyuki kuna kibao kikubwa cha ikweta ambapo wageni hushuka kupiga picha, na vijana huwaonyesha maji yakizunguka katika beseni, upande huu hivi, upande ule vile. Mpwa wangu alinieleza kwamba mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuamua mambo ya beseni; ni jinsi maji yanavyomiminwa. Lakini mstari ulionishughulisha zaidi ulikuwa nyuma yetu, kati ya Kiganjo na Naro Moru, na hauna kibao. Pale gari linavuka mgongo wa nchi. Kusini mwake mito inakimbilia Tana na Bahari ya Hindi. Kaskazini mwake Naro Moru, Burguret, Nanyuki, Liki, Timau na Ngare Ndare, yote inaelekea Ewaso Ng'iro, na Ewaso Ng'iro hauelekei bahari yoyote. Unapita Laikipia, Samburu na Isiolo ukizidi kupungua, kisha unaishia katika kinamasi cha Lorian, kule jangwani, unanywewa na mchanga na jua. Mvua ya mlima mmoja inagawanywa na kijilima ambacho abiria hawakigeukii. Hiki kingewekwa kibao pia, kikubwa kuliko kile cha ikweta, maana ndicho kinachoamua nani atakunywa nini.

Baada ya Nanyuki nchi hubadilika. Upande wa kusini na mashariki wa mlima ndio unaopokea mvua nyingi, huku Timau ni upande wa upepo mkavu. Ngano inakwenda mpaka upeo wa macho, viazi vimepangwa magunia barabarani, na hapa na pale yanang'aa mabanda ya plastiki ya maua yanayosafirishwa kwenda Ulaya. Tulishuka Timau tukanywa chai na chapati, tukakodi bodaboda mbili, na vumbi la njia ya kushoto likatupeleka hadi lango la msitu wa Ngare Ndare.

Msitu huu ni wa takriban hekta 5,500. Ukiutazama kwenye ramani unaona umeshikilia kazi kubwa kuliko ukubwa wake: uko katikati ya Mlima Kenya na nyika za Lewa, na ndovu huutumia kama njia yao ya kale ya kupanda na kushuka. Mwaka 2013 UNESCO iliunganisha Lewa na Ngare Ndare na Urithi wa Dunia wa Mlima Kenya, ambao ulikuwa umeandikishwa tangu 1997. Linalouangalia ni shirika la wenyeji wa vijiji vya kandokando. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ndiyo iliyowapa wananchi wanaopakana na misitu ya serikali nafasi ya kuunda vyama vyao na kushiriki kuitunza, na hapa unaona matunda yake tangu langoni: mkata tikiti, dereva wa bodaboda, askari wa msitu, wote ni watoto wa hapo hapo.

Huruhusiwi kuingia peke yako. Tulipewa askari wa makamo, mtu wa Timau, bunduki begani. Mimi aliniita mzee, mpwa wangu akamwita kijana. Sisi tulimwita afande. Alituagiza tusimtangulie, tusipige kelele, na tukiona nyati tusimame palepale tumsikilize yeye.

Tulianza kwa ngazi za juu. Kuna njia ya waya na nyavu iliyotundikwa kati ya miti, urefu wake mita 450, unatembea ukiwa sawa na matawi. Inayumba. Mtu wa majahazi haogopi kitu kinachoyumba, lakini mpwa wangu, aliyekulia ukingoni mwa mto wenye mamba, alishika waya kwa mikono yote miwili na hakusema neno mpaka mwisho. Chini yetu kulikuwa na mitamaiyu, ile mizeituni ya porini, mingine ikiwa na umri wa miaka 200, magome yamepasuka na mashina yamejisokota. Na kati yake mitarakwa mirefu inayonukia ukipita karibu. Nilielewa kwa nini nguzo za ua za nchi hii nzima ni za mtarakwa, mchwa hawauwezi, na nilielewa pia kwa nini misitu mingi ya mtarakwa imekwisha. Njia ile inaishia kwenye jukwaa la mbao lililo juu ya mahali pa wanyama kunywea maji. Nyati watatu walikuwa wamelala kwenye tope. Ndovu hatukuwaona, ila mavi yao yalikuwa bado na mvuke.

Afande alitusimulia habari za njia ya ndovu. Mashamba na barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru vilikuwa vimeikata, wakawa wanavunja nyua, wanakula ngano ya watu, wanagongwa na magari. Ndipo likajengwa pito chini ya barabara, na ukanda wa kilomita 14 ukazungushiwa ua kutoka msitu wa mlimani hadi Ngare Ndare. Mwanzoni mwa 2011 ndovu wa kwanza alipita chini ya lami, dume lililopewa jina la Tony, na wenzake wakalifuata. “Malori juu, ndovu chini,” afande alisema, “na kila mtu anaenda zake.” Alilisema kwa fahari, na nami naona alistahili kuwa nayo.

Kisha tukashuka korongoni.

Unausikia mto kabla ya kuuona. Ardhi inakatika ghafla, njia inateremka kwa mawe na mizizi, hewa inakuwa baridi na yenye unyevu, na mbele yako kunafunguka bonde jembamba lenye kuta za mwamba mweusi uliofunikwa na kuvumwani na majani ya maidenhea, ile jamii ya ferni inayopenda maji. Maji yanaporomoka kutoka juu, yanapumzika kwenye bwawa, yanamwagika tena, yanapumzika kwenye bwawa jingine. Rangi yake ni buluu yenye ukijani, na ni kali hata nilidhani ni mbingu inayojitazama. Nikainua macho nikakuta juu yetu ni matawi tu. Ni maji ya chemchemi, hayana udongo, na mwanga ukizama katika maji safi yenye kina, wekundu wake humezwa kwanza, unaorudi machoni mwako ni ubuluu.

Mlima Kenya ni volkano iliyozimika. Ilikuwa ikifoka zaidi ya miaka milioni mbili na nusu iliyopita, na ilikuwa ndefu kuliko ilivyo leo. Moto wake uliacha tabaka juu ya tabaka: nyingine ngumu, nyingine za majivu yaliyoshikana, nyingine zenye nyufa na vishimo. Mvua inayonyesha msituni huko juu haikimbii yote juu ya ardhi. Nyingi huzama, ikasafiri ndani ya nyufa, na inapokutana na tabaka isiyopitisha hutafuta pa kutokea. Hizo ndizo chemchemi za Ngare Ndare. Yakishatoka, maji huanza kazi yake kwenye mwamba. Tabaka laini huliwa, ngumu hubaki kama kizingiti, ndipo panapozaliwa poromoko. Chini ya poromoko mawe huzungushwa mahali pamoja, jiwe linatwanga mwamba kama mchi kinuni, shimo linazidi kuwa refu na la mviringo, na baada ya karne nyingi binadamu anakuja anasema amekuta bwawa la kuogelea. Nilipapasa ukingo wa moja. Ulikuwa laini.

Nilimuuliza afande kama naweza kuruka. “Mzee, shuka polepole kwanza. Maji haya hukata pumzi.” Alikuwa na haki. Mimi nimeogelea maisha yangu yote, nimepiga mbizi kutafuta nanga iliyonasa, lakini bahari yetu ni ya uvuguvugu. Hapa mwili ulishtuka, kifua kikafunga, nikawa navuta hewa kwa vipande, na ilinichukua muda kuituliza pumzi kabla sijathubutu kuachia mwamba. Baridi ya ghafla ndiyo inayozamisha hata wajuzi, kwa sababu mtu huvuta pumzi bila kutaka akiwa chini ya maji. Jambo la pili ni kwamba maji yasiyo na chumvi hayakubebi kama ya bahari. Nililala chali kama nilivyozoea, miguu ikazama. Ilibidi nijifunze upya mahali pa kuweka uzito wangu.

Lakini baada ya hapo! Nilivuka bwawa mpaka karibu na poromoko, pale ambapo sauti inakuwa nzito hata huisikii sauti yako, matone yanakupiga usoni, na ukifungua macho chini ya maji unaona mpaka mawe ya chini. Nimeogelea katika maji mengi, na sijapata kuona unyayo wangu waziwazi namna ile. Tana haijawahi kunionyesha hata magoti.

Kulikuwa na familia iliyotoka Meru, mama na watoto wake watatu. Binti mkubwa alipanda mwamba akajiandaa kuruka kichwa mbele. Afande alimwita mama yake kwa upole: “Mama, mwambie binti ashuke. Hapo chini kuna jiwe lisiloonekana, na hili bwawa hubadilika kila msimu.” Yule binti alishuka akiwa amenuna, kisha akaogelea kuliko sisi sote.

Tulipokuwa tukijianika juani afande alituonyesha alama kwenye ukuta wa mwamba, juu kuliko vichwa vyetu: majani makavu na vijiti vilivyonaswa na furiko lililopita. Makorongo ya namna hii hujaa wakati mbingu juu yako ni nyeupe, kwa sababu mvua inanyesha mlimani ambako hukuoni. Wakenya tuna sababu ya kulikumbuka hilo. Septemba 1, 2019, furiko la ghafla liliingia katika korongo la Hell's Gate, Naivasha, na watu 7 wakapoteza maisha. Afande alisema wao husikiliza mto. Ukibadili sauti, ama maji yakianza kuleta majani mabichi, watu wote hutolewa, hata kama walilipa dakika hiyo. Ningependa kila mahali penye maporomoko nchini pawe na mtu kama yeye, anayeujua mto wake kwa masikio.

Mpwa wangu alitoa sabuni mfukoni, akakatazwa kabla hajaifungua. Chini ya pale maji yanakwenda Lewa kwa faru na punda milia, kisha kwa mashamba ya watu, kisha kwa ng'ombe na ngamia, na kila mmoja ana zamu yake. Ndipo mazungumzo yalipoingia kwenye jambo ambalo watu wa sehemu hii hawaliachi, yaani nani anachukua maji kiasi gani.

Nilikuwa nimeshikilia, kama wengi tunavyoshikilia, kwamba mito hii inalishwa na barafu ya kileleni. Barafu ile inakwisha; ile kubwa iitwayo Lewis imepoteza zaidi ya sehemu tisa kwa kumi ya ujazo wake tangu ilipopimwa mwaka 1934. Ni huzuni kuiona ikienda, lakini mchango wake kwa mito ni mdogo. Kinacholisha mito ni mvua na ukungu unaoshikwa na msitu na nyasi za juu, na udongo wa msitu unaoyapokea maji taratibu na kuyaachia taratibu. Barafu inaweza kwisha mito ikaendelea. Msitu ukikatwa, chemchemi nazo zinafuata. Kwa hiyo mwanamke wa kijiji aliyepewa ruhusa ya kuokota kuni zilizoanguka, na akakataa kuukata mti mbichi, amefanya jambo linalofika mbali kuliko anavyoonwa.

Chini ya msitu kuna mabomba. Mashamba makubwa ya maua na mboga, wakulima wadogo wa vitunguu na viazi, miji inayokua ya Nanyuki na Timau, wote wanakunywa mito hiyo hiyo. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilileta vyama vya watumiaji wa maji, mto kwa mto, ili wa juu na wa chini wakae meza moja wapangiane zamu, na wenye mashamba wahimizwe kuchimba mabwawa ya kuvuna maji ya masika wasitegemee mto wakati wa kiangazi. Vyama hivyo vimezuia ugomvi mwingi. Bado kiangazi kikiwa kirefu Ewaso Ng'iro hukauka ukafika Archer's Post ukiwa mchanga mtupu. Naona si haki kwamba wa chini ndiye anayekuwa wa kwanza kukosa na wa mwisho kuitwa mkutanoni.

Nilimwambia mpwa wangu kwamba sitaki kurudi Nyeri kabla sijayaona yanakokwenda. Kesho yake tukateremka. Kutoka Timau barabara inashuka hadi Isiolo kwa kasi ya ajabu. Unavua boshori, unavua sweta moja, unavua ya pili, na mwisho wa mteremko ni joto la kwetu, migunga na mbuzi. Kutoka Isiolo, lami ya kwenda Moyale inafika Archer's Post, na hapo kuna daraja juu ya Ewaso Ng'iro.

Mto ulikuwapo, mpana na wa kahawia, lakini si wa kina. Ngamia waliuvuka maji yakiwafika magotini. Hakuna chochote cha rangi ile ya korongoni kilichobaki. Wanawake wa Kisamburu walikuwa wakichota kwa madumu ya manjano kutoka vishimo walivyochimba mchangani kando ya mto, kwa sababu mchanga huchuja. Mzee mmoja mwenye fimbo alitusalimu akatuuliza tunatoka wapi. Nikamwambia Timau, kwenye chemchemi za Ngare Ndare.

Alisogea karibu. “Huko juu kumenyesha?”

Lilikuwa swali la wazee wangu. Mpwa wangu ndiye aliyemjibu, kwa utaratibu, kama mtu aliyejua kwamba jibu lake lina kazi: kwamba mawingu yalikuwa yakikusanyika kila alasiri upande wa Meru, kwamba Timau yenyewe ilikuwa na vumbi, kwamba maji korongoni yalikuwa safi, hayajaleta majani. Mzee alimuuliza upepo ulitoka wapi. Akamuuliza na mashamba makubwa kama yalikuwa yakinyunyizia. Yalikuwa yakinyunyizia, kijana akasema, usiku na mchana.

“Basi hatutangoja,” yule mzee akasema, akawapigia mluzi vijana wake waliokuwa ng'ambo, akaanza kuwaelekeza kwa fimbo njia ya kuwapeleka mbuzi upande wa Buffalo Springs, ambako chemchemi hazitegemei mto.